Namba Kumi na Mbili Kila Asubuhi

4 Februari

Kwa Daktari wa Miguu, chumba namba sita,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na wenzako wa kliniki hawajambo. Mimi sijambo kiasi.

Mimi ni mke wa yule fundi vigae mrefu, aliyekuwa akiinama kila anapopita mlangoni kwako ingawa mlango ulikuwa na nafasi ya kutosha. Nadhani unamkumbuka, maana siku ya kwanza ulimwambia mlango wako haung'ati.

Nimepata ujumbe wenu kwamba utafiti umekwisha na kila nyumba irudishe kipimajoto na daftari. Kipimajoto nakirudisha pamoja na barua hii. Nimekifunga ndani ya soksi yake mpya, ambayo hakuwahi kuivaa, kisivunjike njiani. Soksi msirudishe. Daftari bado ninalo. Kabla sijalitoa nina swali, na naomba unijibu kwa barua. Simu mliyokuwa mkiipiga ilikuwa yake, na tangu aondoke ikilia siipokei.

Kwa miezi minne nilimpima kila asubuhi. Sehemu sita unyayo wa kulia, sehemu sita unyayo wa kushoto, namba kumi na mbili. Mlitufundisha kwamba miguu iliyokufa ganzi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari haisikii maumivu, lakini mahali panapoanza kuharibika hupata joto kabla ngozi haijafunguka. Kwa hiyo tulinganishe mguu na mguu mwenzake, na tofauti ikizidi nyuzi mbili siku mbili mfululizo tuwapigie. Nilielewa. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na kulinganisha mkono wa shati na mkono wa pili ndiyo kazi yangu.

Siku kumi na moja za mwisho, kabla sijaona unyevu kwenye soksi yake ya kushoto, namba zilikuwa sawa kulia na kushoto. Yeye mwenyewe alifurahi, akasema hata pima maji yake ya kunyoshea sakafu haijawahi kumpa jibu zuri kama hilo. Nesi wenu akatupongeza kwa simu. Kisha ikaja ile soksi. Kisha mkaona mfupa umeingiwa na ugonjwa, hospitali wakamkata mguu chini ya goti, kisha moyo ukachoka. Yote yalichukua wiki tano.

Baada ya mazishi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alisema mbele za watu kwamba mtu akipimwa na anayejua kupima hafi kwa kidonda cha unyayo. Alisema kwa uchungu. Walizaliwa wawili tu, simlaumu. Lakini ni miezi minane sasa, na maneno hayo ndiyo ninayolala nayo.

Swali langu ni moja. Nilikosea wapi?

Mke wa Fundi Vigae


13 Februari

Mama yangu,

Pole sana. Namkumbuka yeye na kuinama kwake. Kipimajoto kimefika salama, na soksi iko hapa mezani kwangu.

Sijui ulikosea wapi, na sijui kama ulikosea. Nikikujibu kwamba hukukosea kabla sijaangalia, nitakuwa nakubembeleza tu, na naona hukuandika ili ubembelezwe.

Nikuambie jambo ambalo ningeweza kukuficha. Nyumba zilizoshiriki ni sitini na mbili. Namba ulizokuwa ukimsomea nesi kila Ijumaa tunazo, na mkuu wa utafiti amezisoma na kuziweka kando. Anasema zile za siku kumi na moja za mwisho haziwezekani. Mguu wenye kidonda kinachoiva ndani hauwezi kuwa na joto sawa na mguu mzima. Anadhani ziliandikwa kwa kukisia. Hutokea, Mama. Watu huchoka, wakajaza wiki nzima kwa jioni moja, na namba za kukisia huwa nzuri kupita kiasi.

Zikitolewa, mume wako hatahesabiwa. Katika ripoti itakuwa kama hakuwahi kushiriki. Ripoti inafungwa tarehe thelathini na moja Mei.

Nakuuliza, nawe unijibu bila woga: namba zile uliziandika asubuhi ileile, ukizisoma kwenye kioo cha kipimajoto?

Wako,
Daktari wa miguu


21 Februari

Daktari,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sitakuficha, iliniuma. Shule yangu iliishia mapema, lakini uongo sikufundishwa huko wala nyumbani.

Daftari ndilo hili, lote. Liangalie mwenyewe. Ukurasa wenye doa la chai ni siku aliponichekesha kikombe kikiwa mkononi. Mahali wino unapogeuka kijani ni siku kalamu ya bluu ilipokwisha. Angalia, ni katikati ya wiki, Jumatano, na imegeuka baada ya namba ya tano. Mtu anayejaza wiki nzima kwa jioni moja habadilishi kalamu kwenye kisigino cha Jumatano. Na pale nilipoandika "betri" hakuna namba hata moja, kwa sababu betri ilikufa na duka lilikuwa halijafunguliwa. Ningekuwa mtu wa kukisia, siku hiyo ndiyo ningekisia.

Kama ni uongo, mwongo alikuwa yeye. Unakumbuka ulipomwambia afumbe macho, ukawa unamgusa unyayo na ule uzi mgumu wa nailoni, aseme kila anapousikia? Akasema naam, naam, naam, kwa mpangilio mzuri kabisa, mpaka wewe ukaacha kumgusa na yeye akaendelea kusema naam. Njiani nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema, "Mke wangu, yule bado kijana. Sikutaka kumvunja moyo."

Basi mkitaka kumtoa kwa uongo, mtoeni kwa ule wa uzi, msimtoe kwa namba zangu. Mtu amekatwa mguu, ameondoka duniani, na sasa aondoke hata daftarini? Hilo ndilo silikubali. Siwezi kumrudisha nyumbani, lakini hapo kwenu alishiriki, kila siku, na mimi ni shahidi.

Mke wa Fundi Vigae


6 Machi

Mama yangu,

Nakuomba radhi. Nimemwonyesha mkuu wangu kisigino cha Jumatano. Alilifungua daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, hakukisia. Sasa nieleze mguu mgonjwa ulipoaje." Tangu siku hiyo sifikirii kitu kingine.

Nimezichora namba zako zote kwenye karatasi ndefu na kuibandika ukutani, mguu wa kulia kwa wino mwekundu, wa kushoto kwa bluu. Wagonjwa wanaokaa kitini wanaiangalia na kuniuliza kama ni bei ya kitu. Nimeona mambo mawili.

Utakumbuka wiki za mwanzo, mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa ukiuzidi wa kushoto kwa nyuzi mbili na zaidi. Tuliwaita mara tatu. Tukaukagua, hatukuona hata mkwaruzo, tukabadilisha kipimajoto, tukamwambia aupumzishe. Hilo ni moja.

Jingine ndilo linaloninyima raha. Namba zilipokuwa sawa, si kwamba mguu wa kulia ulipoa. Ulibaki palepale, nyuzi thelathini na mbili, kama ulivyokuwa tangu mwanzo. Wa kushoto ndio uliopanda ukaufikia. Sisi sote tulikuwa tukiangalia tofauti kwa sababu kanuni inasema tuangalie tofauti. Hakuna aliyeangalia ni nani amemfuata mwenzake.

Kwa hiyo swali limegeuka. Mguu mgonjwa haukupoa hata kidogo. Tunachopaswa kujiuliza ni kwa nini mguu mzima ulikuwa na joto jingi siku zote.

Naomba uniandikie asubuhi moja ya kawaida, tangu anapofumbua macho mpaka unaposhika kalamu. Alikaa wapi, alikanyaga nini, jua liliingia kwa dirisha gani. Usiruke kitu kwa kudhani hakina maana.

Daktari wa miguu


14 Machi

Daktari,

Ahsante kwa kuomba radhi. Yamekwisha.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Aliamka kabla yangu, lakini hakushuka. Alinisubiri, kwa kuwa karatasi yenu ilisema, "Pima mara tu mgonjwa anapoamka, kabla hajashuka kitandani." Nilikuwa nimeibandika juu ya cherehani. Kipimajoto nilikiweka kwenye kopo la vifungo, kwa hiyo sikuwa na haja ya kwenda mbali. Nilianza na kidole gumba cha kulia, nikashuka mpaka kisigino, kisha nikahamia kushoto. Hakukanyaga chochote. Jua haliingii chumbani kwetu mpaka saa nne. Jiko liko upande wa pili wa nyumba. Hatukupaka mafuta kabla ya kupima. Alikuwa akinisomea namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "kisigino cha kushoto, ishirini na tisa na nusu, na anapiga chenga," nami naandika.

Siku namba zilipokuwa sawa alishuka kitandani akavaa nguo zake za kazi bila kuniuliza. Alikwenda kumalizia sakafu ya zahanati fulani aliyokuwa ameiacha nusu. Nilimwacha aende. Nilifurahi kumwona anakwenda.

Hayo ndiyo ya asubuhi. Ya usiku si ya kuandikwa kwenye barua ya kliniki.

Mke wa Fundi Vigae


18 Machi

Mama yangu,

Samahani kwa ninalokuuliza, na ukiona nimevuka mpaka usinijibu. Ya usiku ndiyo ninayoyahitaji. Siulizi zaidi ya usingizi. Mlilalaje? Miguu yake ilikuwa wapi?

Daktari wa miguu


27 Machi

Daktari,

Nimekaa na barua yako siku nne. Nilijiambia mjane hana sababu ya kuona aibu kwa mambo ya mume wake mwenyewe, lakini aibu haikusikia. Leo nimefunga mlango, nakuandikia.

Unajua alikuwa na kidonda cha kwanza mguu wa kushoto, mwaka mmoja kabla hamjatupa kipimajoto. Kilipopona tukawa tunauogopa ule mguu kama mtu aliyebeba yai. Nilimshonea mto mdogo, nikaujaza vipande laini vya kitambaa, na kila usiku mguu wa kushoto ukalala juu ya mto huo, nje ya blanketi, ili shuka lisiusugue. Hata usiku wa baridi ulilala nje. Wa kulia ulikuwa ndani. Na mimi nililala upande wake wa kulia, na ule mguu niliubana katikati ya miundi yangu. Ndivyo nilivyozoea kupata usingizi tangu tuoane. Yeye alikuwa akisema nusu yake iko kwenye ndoa na nusu iko likizo.

Ndivyo tulivyolala, na ndivyo tulivyokuwa kila asubuhi nilipokichukua kipimajoto.

Nimeandika maneno hayo ya mwisho nikayaangalia kwa muda mrefu. Nadhani nimeona unachokitafuta. Mguu mmoja ulikuwa na baridi ya usiku kucha na mwingine ulikuwa na joto langu. Ndiyo maana wa kulia ulizidi mwanzoni, ingawa haukuwa na ugonjwa wowote. Na ule wa kushoto ulipopata moto wake mwenyewe, wa ugonjwa, ulipanda mpaka ukafanana na ule niliokuwa nimeupasha mimi. Tukasema sawa.

Niambie kama nimekosea. Na kama sijakosea, nirudishie kipimajoto. Sitaki kuambiwa, nataka kuona.

Mke wa Fundi Vigae


12 Aprili

Daktari,

Kipimajoto kilifika siku ileile nilipokata tamaa ya kukiona. Tangu hapo nimepima kila kitu chenye ngozi katika nyumba hii, na vingine visivyo na ngozi. Je, unajua ncha ya sikio hupoa kuliko kidole cha mguu? Mimi sikujua.

Nilianza peke yangu. Mguu wa kushoto nje, juu ya mto wake, wa kulia ndani. Kwa kuwa mtu wa pili sina, nilijaza chupa maji ya moto nikaizungushia taulo. Haikufaa, ilipoa kabla sijaamka.

Siku ya tatu wifi yangu akaja kunitembelea. Nadhani hukujua kwamba naye ana sukari. Kipimajoto hiki alikuwa akikiita mdoli wa kliniki. Akanikuta natandika kitanda na chupa katikati, akaniuliza kama nimeanza kuatamia. Nikamweleza yote, mto, blanketi na upande niliolala. Nilidhani atanicheka. Akavua viatu, akasema, "Sogea huko."

Akalala upande wangu, nami nikalala upande wa marehemu. Akaubana mguu wangu wa kulia kwa miundi yake, migumu kama mpini wa jembe. Akasema kaka yake alikuwa na bahati ya kuoa nje ya ukoo.

Asubuhi nilipima kabla hatujashuka. Chini ya kidole gumba cha kulia, thelathini na mbili na nukta tano. Kushoto, ishirini na tisa na nukta nane. Na mimi sina ugonjwa, Daktari, miguu yangu yote miwili ni mizima. Kisha tukaitoa yote nje, wazi, bila kukanyaga sakafu, tukangoja. Baada ya dakika tano tofauti ilikuwa nyuzi moja na nusu. Baada ya dakika kumi haikufika moja. Zilipotimia kumi na tano, ilikuwa karibu hakuna. Tulirudia asubuhi saba, na namba zote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Kalamu ni mbili kwa sababu wifi alitaka yake.

Asubuhi ya saba alizisoma zote tangu juu mpaka chini, kidole kikifuata. Akasema, "Dakika kumi na tano tu." Hakuniomba radhi kwa yale ya mazishini. Ila nilipotoka dukani nilikuta amefua mashuka yangu yote, hata yale yaliyokuwa safi.

Sasa nangoja neno lako.

Mke wa Fundi Vigae


26 Aprili

Mama yangu,

Umefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Namba zako ziko ukutani, pembeni ya zile za kwanza. Mkuu wangu amezisoma akatoka nje, akarudi, akazisoma tena.

Baada ya barua yako nimezipigia simu nyumba zote kuuliza jinsi watu wanavyolala. Nyumba tisa kati ya sitini na mbili zina jambo. Mmoja hulala na paka miguuni, na paka ana upande wake ambao habadilishi. Mwingine huegemeza mguu mmoja ukutani kwa sababu ukuta una ubaridi anaoupenda. Mzee mmoja huvaa soksi moja tu usiku, na nilipomuuliza kwa nini akaniambia nyingine ilipotea. Hakuna aliyewahi kutuambia, kwa sababu hatukuwahi kuuliza.

Sasa nakujibu swali lako la Februari. Hukukosea. Ulifuata karatasi kama ilivyoandikwa. Karatasi ile niliiandika mimi. Niliiandika hapa, chumba namba sita, kwa mchana mmoja, nikidhani watu wote wanalala kama mimi, peke yangu, miguu yote miwili ndani ya blanketi moja.

Lipo na jingine, zito zaidi. Mara tatu tulimwambia aupumzishe mguu wa kulia. Mtu akipumzisha mguu mmoja, uzito hauendi hewani, unakwenda kwa mguu wa pili. Alituheshimu, akauhamishia mwili wake mguu wa kushoto, ule wenye kovu. Siwezi kukuambia kwamba hilo ndilo lililofungua kidonda. Makovu ya namna ile hufunguka yenyewe mara nyingi. Siwezi pia kukuambia kwamba silo. Nimeshauriwa na mtu ninayemheshimu niliache hili lisiandikwe, kwa kuwa halibadilishi kitu na litakuumiza. Nimeliandika kwa sababu wewe uliniletea daftari lote, pamoja na siku ya betri.

Kuhusu daftari: linaweza kurudi katika utafiti, naye akahesabiwa. Lakini kulieleza ni lazima tuandike mlivyolala. Bila ruhusa yako sitaandika hata neno, na bila maelezo hayo namba zake zitabaki kando. Siku ya mwisho ni ileile, tarehe thelathini na moja Mei.

Sitakuharakisha.

Daktari wa miguu


15 Mei

Kwa Daktari,

Mimi ndiye wifi mtu, mwenye miundi migumu. Naandika bila kutumwa.

Barua yako ilifika. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la vifungo, na tangu siku hiyo anashona tu. Sare za shule nzima zimekwisha na muhula haujakaribia. Hajalia mbele yangu. Nilimuuliza kama amekukasirikia, akasema bado anaangalia. Anaangalia nini, hakusema. Nikamkumbusha tarehe thelathini na moja, akanijibu anajua kusoma kalenda.

Mimi nilikukasirikia kwa niaba yake siku mbili nzima. Nilitunga na maneno ya kukuambia, mazuri sana, inasikitisha hutayasikia. Siku ya tatu nikakumbuka yale niliyoyasema mazishini, mbele ya watu, tena nimesimama. Nikaona foleni ya wakosaji ni ndefu na mimi niko mbele yako. Basi nikakuacha.

Lililonifanya niandike ni jingine. Siku hizi najipima. Nakaa robo saa, miguu wazi, kama mtoto anayengoja kuvishwa viatu. Jumapili, Jumatatu na jana, chini ya kidole gumba cha kulia palizidi pa kushoto kwa nyuzi tatu. Nimekaa nusu saa badala ya robo, bado. Hapaumi hata kidogo, na kwa macho naona sugu tu, ile ya siku zote. Zamani ningekwenda zangu sokoni.

Nakuja Ijumaa. Usimwambie wifi mpaka ujue ni nini. Amezika mmoja.

Dada wa Fundi Vigae


24 Mei

Daktari, mwanangu,

Niruhusu nikuite hivyo leo.

Ijumaa wifi alirudi amevaa buti la plasta mpaka chini ya goti, lile lisilovulika, akaniambia alijikwaa kwenye ngazi. Nikamwambia akae. Miguu ya nyumba hii hainifichi kitu tena. Akasema kweli yote: kwamba uliikwangua sugu, chini yake ukakuta damu imevilia, ngozi bado haijafunguka, na kwamba umempa wiki sita za kutokanyaga ovyo. Analalamika asubuhi mpaka jioni. Anasema buti lina uzito wa mkwe. Nimefurahi kumsikia akilalamika.

Nilikaa kimya mwezi mzima, na nimeambiwa ulisikia. Nilikuwa natafuta hasira. Nilijua inapaswa kuwepo, nikaingoja kama mgeni aliyetoa taarifa. Badala yake kilichokuja ni picha. Zile wiki mlizomwambia aupumzishe mguu wa kulia, jioni alikuwa akisimama mlangoni kuangalia watoto wakicheza, ameegemea fremu, mwili wote kwenye mguu wa kushoto, wa kulia umekunjwa kidogo na ncha ya kiatu imegusa chini. Mimi nikiwa kwenye cherehani nilimwona, nikadhani ni madaha. Nilifikiri, huyu mume wangu bado anajua kusimama. Sasa ninajua alikuwa anatii.

Baada ya picha hiyo, hasira nayo ilifika, jioni moja. Ilikaa, ikaondoka. Labda itarudi. Ikirudi nitakuandikia, nawe utaisoma, kwa sababu ndivyo tulivyozoeana. Lakini ungeificha ile kweli ya pili, na mimi nikaja kuijua mwenyewe kwa kufikirifikiri usiku, hapo nisingekuandikia tena.

Ruhusa umeipata. Andika tulivyolala. Andika mto na blanketi, andika upande wangu na upande wake. Kuhusu miundi, weka tu kwamba mke wake alimpasha joto, inatosha, wenye ndoa wataelewa. Na mahali utakapoeleza kosa, usiandike kwamba nyumba haikufuata maelekezo. Nyumba ilifuata.

Daftari likae huko kwenu, sihitaji lirudi. Nilidhani nitalihitaji. Kumbe nilichokuwa nakihitaji ni lile jibu, na sasa ninalo, pande zake zote mbili, tamu na chungu.

Wifi ananiambia kwenye ripoti hakuna majina, kila mtu ni namba. Sawa. Sikuombi uandike jina la mume wangu. Ila utakuwa na wagonjwa wapya, utawaambia wakae na miguu wazi kabla ya kupimwa, na wengine watanuna na kukuuliza kwa nini wapoteze muda wote huo. Wajibu unavyoona inafaa. Si lazima uwaeleze mambo yetu. Lakini wewe mwenyewe, wakati wanangoja, umkumbuke.

Mke wa Fundi Vigae